Tulikwenda mlimani kupunga hewa, nusura hewa ituue

UKIPITA barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, msomaji mpenzi, utakachokiona ni vipuri vya magari vilivyotundikwa madukani kama ndizi sokoni. Upepo wa mlimani huwezi kuusikia hapo. Utasikia nyundo, honi na vijana wanaokushika mkono wakikuuliza gari lako ni la aina gani.

Rafiki yangu mmoja amefanya kazi katika barabara hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Sisi humwita Fundi. Siku moja nilimuuliza iwapo amewahi kuuona kwa karibu mlima ulioipa barabara hiyo jina lake. Akacheka, akasema, "Dada yangu, mimi Kirinyaga ninayoijua ni ya vipuri tu."

Mzaha huo ndio uliozaa safari ninayotaka kukusimulia leo. Ninakusimulia ili nawe upate hamu ya kwenda. Ninakusimulia pia ili uogope kidogo, kwa sababu kilichotupata kule juu kinaweza kukupata hata wewe uliye katika nyumba ya chumba kimoja mtaani, usiku wa baridi wa mwezi wa Julai.

Tulikuwa wanne: Fundi, Mwalimu, ambaye hufundisha jiografia katika shule ya upili, Mhasibu, ambaye kazi yake ndilo jina lake, na mimi mwandishi wako. Tumefahamiana tangu utotoni huko Eastlands. Kila Desemba huahidiana kwenda mahali pamoja, na kila Desemba kila mmoja huishia kwao mashambani. Mara hii tuliapa kwamba baada ya Krismasi tutakaa siku nne katika kibanda cha mbao kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, upande wa Chogoria.

Safari yaanza

Tuliondoka Nairobi alfajiri kwa gari la kukodi lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tulipita Thika, tukaingia Mwea ambako mashamba ya mpunga yametandazwa kando ya barabara kama vioo, tukafika Embu, kisha tukashika njia ya Meru. Kuanzia hapo barabara huanza kupanda na kushuka mabonde kama mtu anayesitasita. Kila bonde lina mto, na kila mto unatoka mlimani.

Mwalimu hakutuacha tupumzike. Alitueleza kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, na kwamba huko Ulaya kuna wasomi waliokataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Wenyeji, bila shaka, hawakuhitaji kuambiwa. Wakikuyu huuita Kirinyaga, Wameru wakauita Kirimaara, na wazee waliomba wakiuelekea.

Tulipofika daraja la Nithi hata Mwalimu alinyamaza. Hapa ndipo basi lilipotumbukia bondeni mnamo Julai 2022 na kuwaua zaidi ya watu 30. Fundi alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili. Mto ulikuwa ukipita chini kwa utulivu, kana kwamba haujui lolote.

Mjini Chogoria tulinunua makaa gunia moja dogo, mahindi na maharagwe makavu ya githeri, viazi, mboga na kuni. Ndani ya mbuga huruhusiwi kujiokotea kuni, kwa hivyo za moto wa jioni ni lazima uende nazo. Tulizifunga juu ya gari, tukashika njia ya msituni. Kumbuka hizo kuni, msomaji, kwa maana zitarudi katika kisa hiki.

Kutoka mjini hadi juu ni mwendo wa karibu kilomita 30. Kwanza unapita migunda ya majani chai, halafu miti mikubwa ya msitu wa asili, kisha mianzi iliyosongamana hadi mchana unageuka jioni. Mvua ilitukuta katikati ya mianzi. Gari liliteleza mara mbili, na mara zote mbili Mhasibu alianza kusali kwa sauti. Tulipotokea kwenye uwazi wenye nyasi na kuviona vibanda, tulishangilia kama timu iliyofunga bao.

Kibanda chetu kilikuwa na sebule yenye meko ya kuni, vyumba viwili vya kulala na ukumbi mdogo mbele. Wanaume walichukua chumba kimoja na sisi wanawake kingine. Mzee anayeangalia vibanda alitupokea kwa tabasamu, akatuonyesha mahali pa maji na pa kumwaga majivu, akatuonya tusitoke ovyo usiku kwa sababu ya nyati. Mwisho akatazama jiko letu la makaa, akasema, "Wanangu, hilo jiko lilale nje."

Tulimwitikia, "Sawa, Mzee," jinsi watu wa mjini wanavyoitikia. Maana yake ni kwamba tumesikia, lakini hatukusikiliza.

Baridi yenye hesabu

Wakazi wa Nairobi tunajigamba kwamba tunaijua baridi. La hasha! Nairobi iko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na tulipofikia ni karibu mita 3,000. Mwalimu alitufanyia hesabu: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kwa hivyo tulikuwa tumeiacha Nairobi na kuongeza baridi ya nyuzi nane juu yake. Usiku ule nililala na sweta mbili, soksi mbili na kofia ya sufi, na bado pua yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Hewa nayo ni nyepesi. Katika kimo hicho, kila pumzi unayovuta hukupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Mombasa. Ukipanda ngazi tatu unahema. Ndiyo maana watu wanaokwenda juu zaidi hushauriwa walale usiku mmoja au miwili katika kimo hiki ili mwili uzoee, kisha wasiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku katika mahali wanapolala.

Asubuhi ya pili Fundi, Mwalimu na mimi tuliondoka mapema pamoja na kijana kiongozi kutoka Chogoria ili tufike ziwa Ellis, lililo kwenye kimo cha karibu mita 3,500. Mhasibu alikataa. Alisema yeye amekuja kupumzika, wala hakukodi miguu. Angebaki kuchemsha githeri ukumbini, tukirudi tuikute tayari.

Mlimani, asubuhi ndiyo yenye thamani. Kufikia saa nne au saa tano mawingu hufunika kila kitu. Sisi tulikuwa tumeuacha msitu na kuingia kwenye nyasi ndefu na vichaka vya mbuga za juu wakati jua lilipopanda nyuma yetu. Hapo kiongozi wetu alisimama, akanyosha mkono. Mbele yetu vilikuwa vilele vya mawe meusi vikiwaka rangi ya dhahabu: Batian, wenye mita 5,199, Nelion ubavuni mwake, na Lenana wenye mita 4,985, ambao ndio watembeaji wa kawaida hufika bila kamba za kukwea miamba. Ni hapo Lenana ambapo Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya taifa letu wakati wa uhuru mwaka 1963.

Fundi alivua kofia. Nilidhani atasema jambo la mzaha, kama kawaida yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndiye huyu."

Kiongozi alitueleza kwamba barafu ya juu inazidi kupungua. Barafu ya Lewis, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote mlimani, imesinyaa mno, na wataalamu wanasema huenda ikatoweka kabisa katika miaka si mingi ijayo. Niliwafikiria wanangu. Pengine watauona mlima huu, lakini weupe ule uliowashangaza wasomi wa Ulaya wasiuone.

Ziwani Mwalimu alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga na chakula hakitaki kupita. Kiongozi alimtazama, akasema huo ni ugonjwa wa mlima na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Hatukubishana. Tuligeuza. Kadiri tulivyoteremka ndivyo Mwalimu alivyopata nafuu, na tulipokaribia kibandani alikuwa ameanza tena kutufundisha jiografia.

Githeri isiyoiva

Tulimkuta Mhasibu amekasirika. Maharagwe yalikuwa motoni tangu saa tatu asubuhi, na kufikia saa kumi jioni ukilitupa moja sakafuni lilikuwa likiruka kama gololi. Mwalimu aligundua kosa letu: huku juu maji huchemka kwenye joto la nyuzi 90 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Sufuria inatokota kwa kelele, lakini joto halitoshi. Mpishi wa mlimani huloweka maharagwe usiku kucha, au huyabeba yakiwa yamechemshwa nyumbani. Sisi hatukufanya lolote kati ya hayo.

Tena saa moja kabla hatujarudi mvua kubwa ilikuwa imeanza, ikipeperushwa na upepo hadi ukumbini. Mhasibu aliona moto wake utazimika, akalibeba jiko na kuliingiza sebuleni, akafunga mlango na madirisha. Tulipoingia, tukiwa tumelowa na kutetemeka, lile joto lilitukumbatia kama mama. Nani angeuliza? Tulijaribu kuwasha meko, lakini zile kuni zilizopigwa na mvua juu ya gari zilitoa moshi na machozi tu. Tukaziacha. Tukalizunguka jiko, tukaongeza makaa.

Ilipofika saa tatu usiku tuliamua kula viazi, tukaiacha githeri ilale ndani ya sufuria yake. Mhasibu alisema kichwa kinamuuma. Nami, msomaji, nilimjibu maneno ambayo hadi leo yakinijia usiku huniondolea usingizi. Nilimwambia, "Ni mlima tu. Hata Mwalimu kilimuuma. Utazoea."

Angalia ujinga wangu. Mwalimu alikuwa amepanda juu mita 500 zaidi, na kichwa chake kilipoa aliposhuka. Mhasibu hakuwa amepanda popote. Alikuwa amekaa mahali pamoja, ndani ya chumba kilichofungwa, karibu na jiko, na kichwa chake kilikuwa kikizidi.

Wakati wa kulala ulipofika, Fundi na Mwalimu walifanya ungwana. Walisema wanawake wasiumizwe na baridi, wakalibeba jiko na kulileta chumbani mwetu. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo, na sote tuliamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu hayana madhara. Mimi mwenyewe ndiye niliyeziba ufa wa chini ya mlango kwa taulo.

Usiku wenyewe

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka. Nilitaka kutapika. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimwita Mhasibu. Hakuitika. Nikamwita tena, nikamtikisa, kichwa chake kikaanguka upande. Nilitambaa hadi mlangoni, nikaufungua, nikaangukia sebuleni juu ya ile sufuria ya githeri. Mlio wake ndio uliotuokoa.

Fundi alitoka mbio. Alipochungulia chumbani na kuliona jiko likiwaka pembeni, hakuuliza swali. Alipiga kelele, "Gesi! Tokeni nje! Nje!" Alimbeba Mhasibu mabegani kama gunia, akamtoa hadi kwenye nyasi, mvuani. Mwalimu alinivuta mimi. Kisha Fundi akaziba pua, akarudi, akafungua madirisha yote na kulitupa jiko nje.

Baadaye alitueleza alivyojua. Gerejini, jambo la kwanza analofunzwa mwanagenzi ni kwamba usiwashe injini huku mlango umefungwa. Ile gesi ya injini inayoua kimyakimya ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye makaa: kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inaing'ang'ania damu kwa nguvu zinazoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba uhai. Na mlimani, ambako oksijeni yenyewe ni haba, hatari ni kubwa zaidi.

Mzee alikuja na tochi na mablanketi. Hakutukemea. Alisema tu, "Mpelekeni chini, sasa hivi." Mhasibu alikuwa akipumua, lakini hakujibu. Fundi aliendesha gari gizani, madirisha yakiwa wazi, mimi nyuma nikiwa nimekilaza kichwa cha rafiki yangu mapajani na kumwita jina lake kila dakika. Katikati ya mianzi nyati alisimama njiani, akatutazama, akaondoka kwa wakati wake mwenyewe. Sijawahi kumchukia mnyama kama nilivyomchukia yule.

Hospitalini daktari alituuliza swali moja tu: "Jiko lilikuwa wapi?" Alimwekea Mhasibu oksijeni, nami pia akaniwekea. Kulipopambazuka alifumbua macho, akanitazama nilivyovimba uso kwa kulia, akauliza, "Githeri imeiva?"

Tulicheka na kulia kwa pamoja.

Usiogope mlima, ogopa jiko

Siku iliyofuata Mwalimu na Fundi walirudi juu kuchukua mizigo. Mzee alikuwa amefagia chumba, amekunja blanketi zetu na kulipanga jiko letu ukumbini, nje, likiwa limepinduliwa. Walimwomba radhi. Akawaambia kwamba mlima hulaumiwa kwa mambo mengi ambayo watu huja nayo kutoka nyumbani.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Tulipokuwa tukijiandaa, watu walituonya juu ya nyati, ndovu, utelezi na ugonjwa wa mlima. Yote hayo yapo. Lakini kilichotaka kutuua tulikinunua wenyewe, tukakipakia garini, tukakiingiza chumbani kwa mikono yetu, tena kwa nia ya kutendeana wema.

Basi, ukipanga safari kama hii na marafiki au jamii yako, nenda katika miezi ya ukavu, Januari na Februari au Julai hadi Septemba. Ada za mbuga hulipwa mapema kwa simu au kompyuta, kwa hivyo usiende na pesa taslimu ukitarajia kuzitoa langoni. Funika kuni zako kwa turubai. Loweka maharagwe, au uyaache nyumbani. Akiumwa kichwa mwenzako aliyepanda juu, mshushe. Akiumwa kichwa mwenzako aliye chumbani penye moto, mtoe nje kwanza, maswali yafuate baadaye. Wakianza kuumwa wawili au watatu kwa pamoja katika chumba kimoja, usiseme ni malaria wala chakula: fungua milango.

Na wewe usiyekuwa na mpango wa kwenda mlimani, chukua sehemu yako. Baridi inapoingia jijini, wengi wetu huliingiza jiko ndani, tukafunga dirisha kwa sababu ya wezi na mbu, tukalala na watoto. Makaa mekundu si salama. Ukosefu wa moshi si usalama. Ongeza blanketi, walaze watoto pamoja, lakini jiko lilale nje.

Mhasibu alipona kabisa. Siku hizi halali bila kuacha dirisha wazi upana wa kiganja, hata mvua ikinyesha. Fundi naye ametundika picha ya Batian dukani mwake, katikati ya mikanda ya feni na taa za magari. Wateja wakimuuliza bei yake, huwaambia hiyo haiuzwi.

Desemba hii tumeapa kurudi, sote wanne. Safari hii tunataka kulifikia ziwa pamoja, na ikiwezekana kuyaona maporomoko ya mto Nithi, mto ule ule tuliouvuka kwa hofu pale darajani, ambao maji yake husafiri hadi mto Tana na kuishia Bahari ya Hindi. Mhasibu amekubali kutembea. Ametoa sharti moja tu: chakula kitakuwa wali.